Vipimo vya maabara kabla ya upasuaji: cha kupima, cha kuacha, na wakati wake

Fomu ya maabara ina visanduku vingi, na kalamu haichoki kutia alama. Kijana wa miaka 24, mzima, mcheza mpira, anakuja Kisumu kushonwa ngiri. Anatoka kliniki na orodha ndefu: hemogramu kamili (hesabu ya chembe zote za damu), figo, ini, muda wa damu kuganda, mkojo, Widal (kipimo cha homa ya matumbo), na H. pylori (bakteria wa vidonda vya tumbo) juu yake. Hakuna hata kimoja kitakachobadilisha namna atakavyopasuliwa. Wiki hiyohiyo mama kutoka Mbita mwenye uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, aliyetokwa damu nyingi kwa miezi 8, anapimwa damu jioni ya kuamkia upasuaji. Hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, ni gramu 7.1 kwa desilita. Upasuaji unaahirishwa, naye anarudi kuvuka kwa feri ya Luanda K'Otieno na nauli ya kukopa. Kijana alipimwa visivyohitajika. Mama alihitaji kipimo kimoja, nacho kilichelewa wiki 6.

Mwongozo huu ni wa wanaoijaza fomu hiyo: maafisa wa kliniki, madaktari na wauguzi wa kliniki za upasuaji katika hospitali za kaunti na za misheni, kuanzia Kisumu, Siaya, Homa Bay, Busia na Kakamega hadi Nakuru. Mgonjwa au ndugu yake akiusoma, atapata la kumuuliza daktari.

Kabla ya kutia alama kwenye kisanduku chochote, jiulize: jibu likija juu nitafanya nini? Likija chini je? Likija la kawaida je? Kama mara zote tatu unajibu "tutaendelea kama tulivyopanga", kiache.

Kwa nini kipimo cha ziada si cha bure

Mipaka ya "kawaida" inayochapishwa kando ya jibu imewekwa ili watu wazima 95 kati ya 100 waangukie ndani yake. Watano waliobaki ni wazima pia, ila mashine itawapigia mstari mwekundu. Mpime mtu mzima vipimo 10 visivyohusiana, na uwezekano wa angalau kimoja kutoka nje ya mpaka ni kama asilimia 40. Vikifika 20, ni asilimia 64. Mstari huo mwekundu ukishaonekana, lazima mtu aufuate: kipimo kinarudiwa, siku ya upasuaji inasogezwa, mgonjwa anaambiwa ini lake "lina shida kidogo" na anaanza kutafuta miti shamba.

Jambo hili limepimwa. Utafiti mkubwa wa Marekani na Canada uliochapishwa mwaka 2000 ulifuatilia upasuaji zaidi ya 19,000 wa mtoto wa jicho. Nusu walipimwa vipimo vya kawaida kwanza, nusu hawakupimwa. Matatizo yalikuwa sawa pande zote mbili, kama 31 katika kila upasuaji 1,000. Na hapa kwetu tunao mfano ulio karibu zaidi: tangu mpango wa tohara ya hiari uanze Nyanza mwaka 2008, vijana wamekuwa wakitahiriwa kwa ganzi ya mahali bila hemogramu wala vipimo vya kuganda damu. Wanaulizwa maswali na kukaguliwa mwili, nao wanaotaka hupimwa VVU.

Hatua ya 1: Keti na mgonjwa kwanza, fomu ikae pembeni

Dakika 10 za maswali hugundua mengi kuliko chupa 5 za damu. Maswali yawe ya vitu ambavyo mtu anavikumbuka, si "una tatizo la damu?", kwa sababu kila mtu hujibu hapana.

Kuhusu kutokwa damu, uliza: ulipong'olewa jino, damu ilikata siku hiyohiyo au ulirudi hospitali? Ulipotahiriwa, kidonda kilivuja kwa siku ngapi? (Swali hili hujibiwa vizuri sana na wazee wa Bungoma, maana tohara ya mwaka shufwa haisahauliki.) Baada ya kujifungua uliongezewa damu? Unapata alama za bluu mwilini bila kugonga kitu? Kuna ndugu wa kiume upande wa mama aliyevuja damu sana? Majibu yote yakiwa hapana na mgonjwa hanywi dawa ya kuzuia damu kuganda wala hana ugonjwa wa ini, kipimo cha kuganda hakitaongeza kitu.

Kuhusu upungufu wa damu: hedhi huchukua siku ngapi, hubadilisha pedi mara ngapi kwa siku, hutoka mabonge? Kinyesi cheusi? Mkojo mwekundu? Mvuvi wa Usenge au Rusinga, au mtu aliyekulia akioga ziwani, muulize kuhusu kichocho. Mkulima anayetembea peku, fikiria safura, minyoo ya utumbo inayonyonya damu.

Kuhusu selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu zenye umbo la mundu: umewahi kupimwa, na jibu lilisemaje? Kuna mtoto katika familia aliyefariki mdogo kwa "kuishiwa damu"? Hulazwa kwa maumivu ya mifupa? Swali hili usiliruke kamwe katika ukanda wa ziwa.

Dawa: mwombe alete mfuko wenyewe, asikutajie kwa rangi ya vidonge. Unatafuta warfarini, aspirini, dawa za presha za kukojoza, enalapril na losartani, dawa za sukari, na dawa za VVU zenye tenofovir. Uliza pia kuhusu miti shamba, kwa upole na bila kukunja uso, ama hutaambiwa.

Hatua ya 2: Weka upasuaji kwenye kapu lake

Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2016 hutumia makapu 3. Upasuaji mdogo ni kama kutoa uvimbe wa ngozi au kupasua jipu la titi. Wa kati ni ngiri, tonsili, mishipa ya miguu iliyovimba. Mkubwa ni kutoa mfuko wa uzazi, tezi dume, goita, kukata utumbo, kubadilisha nyonga. Halafu mgonjwa naye hupewa daraja la ASA, mfumo wa chama cha wataalamu wa usingizi cha Marekani: 1 ni mzima, 2 ana ugonjwa uliotulizwa, kama presha inayodhibitiwa, 3 ana ugonjwa mzito unaomzuia kufanya mambo, 4 ugonjwa wake unatishia uhai.

Ukishajua kapu na daraja, fomu karibu inajijaza. Upasuaji mdogo kwa daraja la 1 au la 2: usipime chochote. Wa kati kwa daraja la 1: hakuna cha lazima. Wa kati kwa daraja la 2: fikiria figo, kama mgonjwa yuko katika hatari ya figo kuumia. Daraja la 3 na la 4, wa kati: figo zipimwe, na hemogramu kwa mwenye ugonjwa wa moyo au figo ambaye dalili zake hazijachunguzwa karibuni. Upasuaji mkubwa: hemogramu kwa kila mtu, na figo kuanzia daraja la 2.

Ila mwongozo huo uliandikwa mahali ambapo hakuna malaria, safura wala kichocho, na selimundu ni ya wachache. Usiunakili mzimamzima. Kwetu, kwa upasuaji wa kati, kupima hemoglobini peke yake kwa tone la kidole ni haki kwa mwanamke mwenye hedhi nzito, mtoto, na yeyote mwenye weupe machoni. Hemoglobini peke yake, narudia. Hemogramu yenye mistari 20 ni jambo jingine.

Hatua ya 3: Kipimo kimoja kimoja

*Hemoglobini.* Kwa mwanamume chini ya 13, kwa mwanamke asiye mjamzito chini ya 12, kwa mjamzito chini ya 11: huo ni upungufu, na kabla ya upasuaji mkubwa wa kupangwa unastahili kutibiwa, si kuandikwa tu. Salfeti ya feri miligramu 200 ina chuma halisi kama miligramu 65. Kidonge 1 kwa siku, au siku moja ndiyo siku moja hapana, kinatosha, na humsumbua mgonjwa tumbo kidogo kuliko 3 kwa siku. Anywe mbali na chai. Tegemea hemoglobini ipande kama 1 hadi 2 kwa wiki 3 au 4. Isipopanda, ama hanywi, ama bado anavuja, ama tatizo si chuma. Painti 1 ya damu hupandisha kama 1 tu, kwa hiyo kumtoa mgonjwa kwenye 7 hadi 10 usiku mmoja ni painti 3 ambazo vidonge vingeziokoa.

*Kundi la damu na krosimachi (kulinganisha damu ya mchangiaji na ya mgonjwa).* Hapa ndipo tunapoharibu zaidi. Kuagiza painti 2 zilinganishwe kwa kila ngiri kunaifungia damu kwenye jokofu huku mama anayevuja baada ya kujifungua akiambiwa hakuna. Kwa upasuaji ambao damu huhitajika mara chache, tuma sampuli ya kundi tu na benki iihifadhi. Linganisha kabisa pale unapotarajia kumwaga damu: faibroidi (uvimbe wa mfuko wa uzazi) kubwa, kondo lililoziba njia, wengu, goita kubwa. Krosimachi kamili huchukua kama dakika 45 hadi saa 1 ikiwa damu ipo hapohapo. Kama lazima itoke kituo cha kanda cha Kisumu au Nakuru, ongeza safari. Sampuli ya mtu aliyeongezewa damu au kuwa mjamzito ndani ya miezi 3 iliyopita isizidi siku 3, kwa sababu kingamwili mpya huweza kujitokeza katika muda huo.

*Figo na chumvi za damu.* Wapimwe wenye presha, kisukari, ugonjwa wa figo au moyo, wanaokunywa dawa za kukojoza, enalapril au losartani, wazee wanaokwenda upasuaji mkubwa, na wote wanaotapika au walioziba utumbo. Wanaotumia tenofovir pia, kama hawajapimwa karibuni. Angalizo moja: dolutegravir, dawa nyingine ya VVU ambayo wengi hapa wanaitumia, hupandisha kidogo kreatinini (taka ya damu inayotumika kupima figo) kwa kuzuia isitolewe kupitia mirija ya figo, bila figo zenyewe kuumia. Linganisha na jibu la kliniki yake ya VVU kabla ya kumtisha mgonjwa. Kiwango kilichosimama tangu mwezi wa kwanza wa dawa hakina neno. Kinachopanda kila mara kina neno.

*Sukari.* Mgonjwa wa kisukari apimwe HbA1c (wastani wa sukari ya miezi 2 au 3) kama hana jibu la miezi 3 iliyopita. Uingereza hutumia asilimia 8.5 kama mpaka wa kusema upasuaji wa kupangwa usubiri sukari ishuke. Asubuhi ya upasuaji lengo la sukari ni kati ya 6 na 10 mmol/L, na hadi 12 huvumiliwa. Lakini kumbuka mambo 2 ya huku kwetu. Mwenye selimundu chembe zake nyekundu huishi siku chache badala ya 120, hivyo HbA1c yake husoma chini na kukudanganya kwamba mambo ni mazuri. Aliyeongezewa damu juzi vilevile. Kwao tumia vipimo vya sukari vya kila siku. La pili ni la kidole: mtu aliyekuwa akila muwa nje ya wadi atatoa 18 kwenye glukomita kwa utamu ulioganda kwenye ngozi. Anawe kwa sabuni na maji, akauke, apimwe tena. Asiye na kisukari wala dalili zake hahitaji HbA1c.

*Kuganda kwa damu.* Kwa mwenye historia uliyoipata katika hatua ya 1, mwenye ugonjwa wa ini, au anayekunywa warfarini. Warfarini huachwa siku 5 kabla, na INR, kipimo cha muda wa damu kuganda, hupimwa siku 1 kabla ya upasuaji, ikitakiwa kuwa chini ya 1.5. Usipime asubuhi ya upasuaji kwa mara ya kwanza, maana ikija 2.3 hakuna muda wa kufanya lolote isipokuwa kumrudisha. Nani aiache na nani ahamishiwe kwenye sindano ya kuzuia damu kuganda ni uamuzi wa daktari anayemtibu moyo au mguu wenye damu iliyoganda, si wa kliniki ya upasuaji peke yake.

*Selimundu.* Kama hali haijulikani na upasuaji utahitaji usingizi wa mwili mzima au mpira wa kukaza kiungo, pima. Jua mipaka ya kila kipimo. Kile cha haraka cha kuchanganya damu na kemikali kinasema tu kwamba hemoglobini S ipo. Hakitenganishi mwenye ugonjwa na mbebaji. Kwa mtoto wa chini ya miezi 6 kinaweza kusema hakuna wakati ipo, kwa kuwa bado ana hemoglobini ya kichanga. Jibu chanya lifuatwe na elektroforesisi (kipimo cha kutenganisha aina za hemoglobini) au kadi ya haraka inayotofautisha A na S. Na usipime yeyote kati ya hivyo baada ya kuongeza damu: ndani ya miezi 3 au 4 utakuwa unapima damu ya mchangiaji.

Mwenye ugonjwa wenyewe anayekwenda kwa upasuaji wa tumbo, nyonga au tonsili kwa kawaida huongezewa damu hadi hemoglobini ifike kama 10, isipite hapo sana kwa sababu damu nzito hukwama. Waliowahi kuongezewa mara nyingi huwa na kingamwili, na kupata painti inayolingana kunaweza kuchukua siku. Ijulishe benki ya damu mapema, angalau siku 2 au 3. Mbebaji kwa kawaida hupasuliwa kama mtu mwingine yeyote. Mtaalamu wa usingizi aambiwe tu, hasa kama mpira wa kukaza utatumika.

*Mimba.* Kila mwenye umri wa kuzaa aulizwe hedhi ya mwisho siku ya upasuaji, na akikubali apimwe mkojo. Muulize akiwa peke yake. Msichana wa miaka 17 hatakwambia ukweli mama yake akiwa amekaa kitandani. Mkojo wa asubuhi ni bora, na jibu hasi kabla hedhi haijachelewa halithibitishi kitu.

*VVU.* Mpe nafasi ya kupima kama unavyompa kila anayefika hospitalini, kwa ushauri na ridhaa. Usifanye kipimo hicho kuwa tiketi ya kuingia thieta: sheria ya Kenya ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti VVU na Ukimwi inakataza kumlazimisha mtu kupima. Kinachomlinda mpasuaji ni glavu, miwani, namna ya kupokezana kisu, na dawa za kinga zikianzwa mapema, kabla ya saa 72, baada ya kuchomwa. Jibu hasi la wiki iliyopita halimlindi.

*Malaria.* Asiye na homa hapimwi. Katika kaunti za ziwa mtu mzima anaweza kubeba vimelea bila kuumwa, na kipimo cha haraka hubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya dawa kwa sababu kinashika protini, si mdudu aliye hai. Mwenye homa, upasuaji wa kupangwa usubiri, apimwe kwa hadubini, na hata vimelea vikionekana endelea kutafuta chanzo kingine. Homa ikija siku ya 2 baada ya upasuaji, hapo weka malaria kwenye orodha.

*Mkojo* hupimwa kwa mwenye dalili, na huoteshwa kabla ya upasuaji wa njia ya mkojo, kama tezi dume. *Vipimo vya ini* ni kwa mwenye manjano, mlevi wa muda mrefu au mwenye ugonjwa wa ini unaojulikana. *Widal* haina kazi hapa. Wala H. pylori.

Hatua ya 4: Panga wakati

Hemoglobini ya upasuaji mkubwa: siku ileile upasuaji unapoamuliwa, si siku ya kulazwa. Ukipata wiki 4 hadi 6 una nafasi ya kutibu. HbA1c vivyo hivyo. Selimundu mara moja tu maishani kama jibu lilikuwa la uhakika; andika kwenye kadi ya mgonjwa ili asichomwe tena.

Jibu la kawaida la miezi 3 hadi 6 iliyopita linaweza kutumika kama hali ya mgonjwa haijabadilika na hakuna dawa mpya. Aliyeanzishwa dawa ya kukojoza mwezi uliopita, potasiamu ya zamani haimhusu. Kama jibu lilipatikana Siaya au Busia, usirudie kwa sababu tu karatasi ina nembo ya hospitali nyingine. Piga simu maabara hiyo, thibitisha namba, andika.

Hatua ya 5: Kutoa damu bila kuiharibu

Majibu mengi ya ajabu hayatoki kwa mgonjwa. Hutoka kwenye mkono, kwenye chupa au kwenye pikipiki.

Funga mpira juu ya kiwiko kwa chini ya dakika 1. Usimwambie mgonjwa afungue na kufunga ngumi kwa nguvu, maana misuli hutoa potasiamu. Usitoe damu kwenye mkono wenye dripu: sukari itakuja 30 na hemoglobini itashuka kwa maji ya dripu. Tumia mkono mwingine.

Fuata mpangilio wa vifuniko: buluu kwanza, kisha nyekundu au njano, kisha zambarau, mwisho kijivu. Sababu iko ndani ya zambarau: kemikali yake ina potasiamu na hunyang'anya kalsiamu, na tone likivuka kwenda nyekundu utapata potasiamu ya 8 na kalsiamu ya chini kwa mtu anayetembea na kucheka. Ukiona viwili hivyo pamoja, rudia sampuli kabla ya kuita timu ya dharura. Na kamwe usimimine damu kutoka chupa moja hadi nyingine kwa sababu moja haikutosha.

Buluu ijazwe hadi alama. Uwiano ni damu 9 kwa dawa 1, na ikiwa nusu, muda wa kuganda utarefuka kwa uongo. Igeuze taratibu mara 3 au 4, zambarau mara 8 hadi 10. Usitikise kama unachanganya rangi.

Sampuli ya damu ya kupima figo itenganishwe, majimaji yaachane na chembe, ndani ya saa 2. Ikikaa, chembe huvuja potasiamu, na jokofu huongeza tatizo kabla ya kutenganishwa kwa sababu pampu za chembe hulala kwenye baridi. Sukari ikikaa kwenye chupa isiyo ya kijivu hushuka kama asilimia 5 hadi 7 kila saa. Kituo cha afya kinachotuma sampuli kwa boda boda kwenye barabara ya changarawe kitenganishe kwanza, kisha kitume, chupa zikiwa zimesimama ndani ya kisanduku.

Kwa tone la kidole: futa matone ya kwanza, usikamue ncha ya kidole, jaza kuvete (kibanio kidogo cha kuwekea damu kwenye mashine ya hemoglobini) mara moja bila povu la hewa. Kopo la kuvete lifungwe kila mara, unyevu wa ziwani huziharibu.

Andika jina, namba na saa kwenye chupa palepale kando ya kitanda, baada ya kumwomba mgonjwa ajitaje mwenyewe. Chupa iliyoandikwa mezani kabla ya kutoa damu ndiyo njia ya kumpa mtu kundi lisilo lake. Kwa mgonjwa ambaye kundi lake halijawahi kuandikwa, sampuli 2 za nyakati tofauti ni kinga nzuri.

Hatua ya 6: Kulisoma jibu

Mipaka iliyomo kwenye mashine mara nyingi ilitoka kwa watu wa Ulaya au Marekani. Wazima wengi wenye asili ya Afrika, wakiwemo wa Kisumu, wana chembe nyeupe aina ya nyutrofili chache kuliko hapo, bila ugonjwa. Nyutrofili 1,300 kwa maikrolita kwa mtu asiye na homa, asiye na vidonda vya kinywani, na ambaye majibu ya zamani yalikuwa hivyohivyo, zisisimamishe upasuaji wa ngiri. Esinofili, aina nyingine ya chembe nyeupe, zikiwa juu, fikiria minyoo kabla ya saratani.

Urefu wa mahali nao una neno. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama 1,130. Mwili wa juu hutengeneza hemoglobini zaidi, kwa hiyo 12.5 ya mwanamume aliyekulia Nakuru ni upungufu ulio mkubwa kidogo kuliko unavyoonekana.

Chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) 40,000 kwa mtu asiye na alama yoyote ya kuvuja: mwombe mtaalamu wa maabara aangalie slaidi. Wakati mwingine kemikali ya zambarau huzishikanisha na mashine hushindwa kuzihesabu. Rudia kwa chupa ya buluu na uzidishe jibu kwa 1.1. Zikiwa kweli chache, 50,000 zinatosha kwa upasuaji mwingi, ila ubongo na jicho hutaka kama 100,000, na sindano ya mgongo iamuliwe na mtaalamu wa usingizi. Mwenye homa, tafuta malaria: huzishusha.

Dharura

Mimba iliyopasuka nje ya mfuko wa uzazi haisubiri hemogramu. Toa damu ya kundi na krosimachi wakati wa kuweka dripu, chupa ikimbizwe maabara, mgonjwa apelekwe thieta. Hemoglobini ya mtu anayevuja sasa hivi inaweza kuonekana ya kawaida, kwa kuwa maji hayajaingia kuichanganya. Tazama mapigo, presha na rangi ya ulimi. Kama hakuna muda wa kulinganisha, damu ya O hutolewa bila krosimachi, na O hasi ihifadhiwe kwa wasichana na wanawake wenye umri wa kuzaa kwa sababu Rh hasi ni wachache sana hapa. Aliyeziba utumbo, potasiamu ipimwe na irekebishwe huku akipewa maji, kwa saa chache tu.

Mwisho ni karatasi. Kwenye fomu, mbele ya kila kipimo, andika sababu kwa maneno 3 au 4: "hedhi nzito, faibroidi", "presha, hutumia losartani". Mtaalamu wa maabara akijua sababu, atakupigia simu jibu likikaa vibaya badala ya kuliacha kwenye trei hadi Jumatatu. Andika pia ni nani atakayelitazama na siku gani, na mgonjwa apewe nakala yake aiweke kwenye mfuko uleule wa dawa.